GOTI LILILOVIMBA LISINGOJE MAVUNO
Maelezo kwa kamati za sharika na wafadhili kuhusu uvimbe wa seli kubwa wa mfupa



Katika jarida hili tumezoea kuzungumzia malaria, UKIMWI, maji safi na afya ya mama na mtoto, kwa kuwa hayo ndiyo yanayowagusa watu wengi zaidi katika Bonde la Kilombero. Safari hii tunazungumzia ugonjwa ambao ni nadra. Tumefanya hivyo kwa sababu mbili. Kwanza, ugonjwa huu huwapata watu walio katika umri wa kulima, kulea na kusomesha, hivyo mtu mmoja akipoteza mguu, kaya nzima huyumba. Pili, njia ya kumfikisha mgonjwa huyu kwenye tiba ni ile ile ambayo anapaswa kuipita mgonjwa wa saratani ya mfupa, wa kifua kikuu cha mfupa na wa usaha wa muda mrefu ndani ya mfupa. Kamati inayoifahamu njia hii kwa ugonjwa mmoja itawasaidia wagonjwa wa magonjwa yote hayo.

Jambo kubwa tunalotaka lieleweke ni hili. Uvimbe wa seli kubwa wa mfupa mara nyingi hauui, lakini unaweza kumnyang'anya mtu mguu au mkono wake. Kuokoka kwa kiungo hutegemea sana muda uliopita kabla ya picha ya kwanza ya eksirei, na baadaye hutegemea kama mgonjwa anarudi kliniki baada ya upasuaji. Sehemu hizo mbili ndizo ambazo michango yetu huzisahau kwa urahisi.

NI UGONJWA GANI?

Mfupa wa mtu aliye hai si kitu kikavu kama nguzo ya mti. Kila siku sehemu ndogo ndogo za mfupa hubomolewa na nyingine hujengwa. Kazi ya kubomoa hufanywa na seli kubwa zenye viini vingi, na kazi ya kujenga hufanywa na seli nyingine. Kwa mtu mwenye afya kazi hizi mbili huenda sawa, na ndiyo maana mfupa uliovunjika huweza kuunga.

Katika ugonjwa huu, mahali pamoja ndani ya mfupa hutokea seli ndogo zilizopotoka, ambazo hutoa amri bila kikomo ya kutengeneza seli nyingi za kubomoa. Mfupa hulika kutoka ndani na kubaki shimo lililojaa nyama laini yenye damu. Daktari wa patholojia akiangalia kwa hadubini, kinachomvutia macho ni zile seli kubwa, na ndiko lilikotoka jina la ugonjwa. Hata hivyo seli kubwa ni kama vibarua walioitwa shambani. Anayewaita ni msimamizi, yaani zile seli ndogo. Mwaka 2013 watafiti walionyesha kwamba kwa wagonjwa walio wengi sana, seli hizo ndogo zina hitilafu katika kinasaba kiitwacho H3F3A. Hitilafu hiyo hutokea ndani ya uvimbe wenyewe. Mtu hairithi kutoka kwa wazazi wake, wala hawapi watoto wake.

Ugonjwa huu haukuanza leo. Daktari mpasuaji Astley Cooper wa London aliueleza tangu mwaka 1818, na mwaka 1940 Henry Jaffe na wenzake wa New York waliutenganisha vizuri na magonjwa mengine ya mifupa yanayofanana nao.

Wengi wanaougua wana umri wa miaka 20 hadi 45, yaani baada ya mifupa kumaliza kurefuka. Wanawake huupata zaidi kidogo kuliko wanaume. Karibu nusu ya wagonjwa huupata kuzunguka goti, ama mwisho wa chini wa mfupa wa paja au mwanzo wa mfupa wa muundi. Mahali pengine panapopatwa mara kwa mara ni mfupa wa mkono karibu na kiwiko cha kiganja, na mfupa wa chini ya mgongo ulio kati ya nyonga mbili.

Katika nchi zenye kumbukumbu nzuri, huonekana mgonjwa mpya mmoja au zaidi kidogo kwa kila watu milioni moja kwa mwaka. Kama kiwango chetu kinafanana na hicho, Tanzania, yenye watu milioni 61.7 kwa sensa ya mwaka 2022, ingetegemea wagonjwa wapya 60 na zaidi kila mwaka, na bonde letu mmoja au wawili. Ni wachache, lakini kila mmoja wao yuko katika usharika, msikiti au kitongoji fulani, na jirani zake wanamwona akichechemea.

DALILI, NA SABABU ZA KUCHELEWA

Dalili ya kwanza ni maumivu karibu na kiungo, hasa goti. Mwanzoni huja mtu anapofanya kazi, baadaye huendelea hata akipumzika, na mwisho humwamsha usiku. Hufuata uvimbe unaoongezeka polepole, kiungo kushindwa kukunja au kunyooka vizuri, na kuchechemea. Kwa wagonjwa wengine dalili ya kwanza kabisa ni mfupa kuvunjika kwa jambo dogo, kama kuteleza kwenye jaruba au kushuka vibaya kutoka kwenye baiskeli.

Tuchukue mfano wa kufundishia, ambao si wa mtu fulani. Mama wa miaka 28 anaishi Mtimbira. Goti linamuuma tangu Desemba, wakati familia imeshahamia shambani kulinda na kupalilia mpunga. Anafikiri ni uchovu wa kuinama. Duka la dawa linampa vidonge vya maumivu naye anapata nafuu ya siku chache. Machi goti limevimba. Ndugu wanasema huenda amekanyaga kitu kibaya, anapelekwa kukandwa na kuchanjwa chale. Barabara zina maji na mpunga bado haujavunwa, hivyo hakuna fedha. Mwezi Juni mavuno yanauzwa, lakini sasa mama hawezi kusimama. Miezi sita imepita, na shimo ambalo Desemba lingekuwa la ukubwa wa jicho la mtu sasa limefika kwenye gegedu la goti na limetoboa ukuta wa mfupa.

Katika mfano huu hakuna aliyemtakia mama huyo mabaya. Kila hatua ina sababu yake, na kila mmoja wetu angeweza kuifanya. Tunaueleza ili kamati zione mahali pa kuingilia. Kama mzee wa kanisa au mwinjilisti wa mtaa angeuliza mwezi Januari, na kamati ikatoa nauli ya kwenda kupiga picha, tiba ingekuwa ndogo zaidi na ya bei nafuu zaidi.

Kuhusu waganga wa kienyeji wanaounga mifupa, hatuwatukani. Watu wetu wanawaamini na wengi wako karibu kuliko hospitali. Lakini kukanda hakuondoi uvimbe huu, na mfupa uliobaki mwembamba kama ganda la yai unaweza kuvunjika mikononi mwa anayekanda. Chale nazo huingiza vijidudu, na kidonda chenye usaha mahali pa uvimbe humzuia daktari mpasuaji kufanya kazi yake. Ni vyema wachungaji na wazee wakazungumza na waganga hawa kwa heshima na kuwaomba jambo moja tu: mfupa uliovimba bila kuumia, au uliovunjika kwa jambo dogo, waupeleke kwanza kwenye eksirei.

UCHUNGUZI: MAMBO MATATU KWA MPANGILIO

Jambo la kwanza ni picha ya eksirei. Ni kipimo cha kawaida, na kwa ugonjwa huu kinaeleza mengi. Uvimbe huonekana kama shimo jeusi lililo mwisho wa mfupa, limeegemea upande mmoja, na limefika karibu kabisa na kiungo. Picha ipigwe pande mbili, kwa mbele na kwa ubavuni, na ionyeshe kiungo kizima. Aidha, daktari ataomba picha ya kifua, kwa sababu kwa wagonjwa wachache, takriban 3 kati ya 100, vipande vya uvimbe huonekana kwenye mapafu. Hata hao wengi wao hawako katika hali ya kukata tamaa, maana vipande hivyo mara nyingi hukua polepole na vingine huweza kuondolewa. Katika hospitali kubwa mgonjwa anaweza kufanyiwa pia kipimo cha CT au MRI, ili daktari ajue uvimbe umefika wapi kabla ya kupasua.

Jambo la pili ni damu, hasa kupima madini ya kalsiamu. Kuna vitezi vidogo shingoni ambavyo vikifanya kazi kupita kiasi hula mifupa na kuacha mashimo yenye seli kubwa zile zile. Mgonjwa wa namna hiyo hutibiwa shingoni, na kukwangua mfupa wake ni kumuumiza bure. Damu pia husaidia kutafuta dalili za usaha ndani ya mfupa na kutambua siko seli, ambayo nayo huleta maumivu ya mifupa.

Jambo la tatu ni kuchukua kipande kidogo cha uvimbe, ambacho hospitalini huitwa kinyama, na kukipeleka maabara ya patholojia. Bila kinyama hakuna uhakika. Saratani kali ya mfupa inayowapata zaidi vijana wa miaka 10 hadi 20 inaweza kufanana na uvimbe huu kwenye picha, na tiba zake ni tofauti kabisa.

Hapa tunaomba kamati zizingatie mambo mawili. La kwanza, kinyama kichukuliwe na daktari atakayefanya upasuaji mkubwa, au kwa maelekezo yake. Njia ya sindano au ya kisu inaweza kubeba seli za uvimbe, hivyo ni lazima ipite mahali ambapo daktari ataweza kupaondoa baadaye. Kinyama kilichochukuliwa mahali pabaya kinaweza kuongeza ukubwa wa upasuaji. Kwa hiyo hospitali ya kwanza ikisema, "Hatutachukua kinyama hapa, nendeni rufaa," msidhani imeshindwa kazi. Inamlinda mgonjwa.

La pili, kinyama kihifadhiwe katika formalini, si katika maji wala spiriti, kiandikwe jina, na kisafiri pamoja na picha za eksirei. Daktari wa patholojia anayeona seli kubwa bila kuona picha ya mfupa anaweza kuchanganya magonjwa matatu au manne.

TIBA

Tiba kuu ni upasuaji. Ukubwa wake hutegemea hali ya mfupa siku mgonjwa anapofika.

Mgonjwa aliyewahi hukwanguliwa. Daktari hufungua dirisha pana kwenye mfupa, hukwangua uvimbe wote, kisha husaga kuta za shimo kwa mashine ndogo inayozunguka kwa kasi ili kuondoa mabaki. Wengi hupaka pia dawa kama fenoli au huchoma kuta kwa umeme. Shimo hujazwa saruji maalum ya mifupa, au mfupa uliochukuliwa kwenye nyonga ya mgonjwa mwenyewe. Saruji ina faida tatu: humwezesha mgonjwa kuukanyagia mguu mapema, joto lake inapoganda huua seli zilizobaki karibu, na uvimbe ukirudi huonekana kwa urahisi kwenye eksirei kama ufa mweusi kati ya saruji na mfupa.

Kukwangua haraka haraka bila kusaga kuta hakutoshi. Katika taarifa za zamani, uvimbe ulirudi kwa theluthi moja hadi nusu ya wagonjwa waliokwanguliwa tu. Kwa njia kamili tuliyoieleza, katika taarifa nyingi idadi hiyo hushuka chini ya robo. Ndiyo maana upasuaji wa kwanza unapaswa kufanywa na daktari bingwa wa mifupa mwenye vifaa, hata kama hospitali iko mbali.

Mgonjwa aliyechelewa, ambaye uvimbe umetoka nje ya mfupa au umeharibu kiungo, huenda akaondolewa mwisho wote wa mfupa. Kwenye mkono, daktari anaweza kuziba pengo kwa kutumia mfupa mwembamba wa mguuni. Kwenye goti huwekwa goti bandia la chuma, ambalo ni ghali sana, au goti hugandishwa likabaki limenyooka. Mtu mwenye goti lililogandishwa hutembea na kufanya kazi nyingi, lakini kuchuchumaa na kupanda mpunga huwa vigumu.

Kukatwa mguu ni hatua ya mwisho, pale ambapo uvimbe umezunguka mishipa mikubwa, umepasuka na kutoa kidonda, au umeingiliwa na usaha. Hata hapo maisha hayaishi. Chuo cha TATCOT kilichopo KCMC, Moshi, kimekuwa kikifundisha mafundi wa viungo bandia tangu mwaka 1981, na wahitimu wake wako katika hospitali mbalimbali nchini na nje ya nchi.

Ipo pia dawa ya sindano iitwayo denosumab, iliyoruhusiwa Marekani kwa ugonjwa huu mwaka 2013. Kwa mfano wetu wa shambani, dawa hii huzuia wito wa msimamizi usiwafikie vibarua. Uvimbe hukauka na mfupa hukomaa, lakini msimamizi hajafa. Dawa ikiachwa, uvimbe huweza kuamka. Kwa sababu hiyo hutumiwa hasa mahali ambapo kupasua ni hatari, kama mfupa wa chini ya mgongo. Inahitaji jokofu, madini ya kalsiamu ya kuongeza, na uchunguzi wa meno, kwa kuwa inaweza kuharibu mfupa wa taya. Ni ghali. Usharika usianze kuchangisha fedha za dawa hii kabla ya daktari bingwa kueleza kwa maandishi itatumika kwa muda gani na nini kitafuata.

Mionzi hutumiwa kwa nadra, pale ambapo upasuaji hauwezekani, kwa sababu baada ya miaka mingi inaweza kuugeuza uvimbe kuwa saratani kali.

KURUDI KLINIKI

Uvimbe huu ukirudi, mara nyingi hurudi katika miaka miwili hadi mitatu ya kwanza. Ukigunduliwa ungali mdogo, unaweza kukwanguliwa tena na mguu ukabaki. Ukigunduliwa umechelewa, tunarudi kwenye habari ya kukata.

Ratiba ya kawaida ni kurudi kila baada ya miezi 3 hadi 4 kwa miaka miwili ya kwanza, kisha kila miezi 6 hadi mwaka wa tano, na baada ya hapo mara moja kwa mwaka. Tukipiga hesabu, miaka miwili ya kwanza ni safari 6 hadi 8, na miaka mitatu inayofuata ni safari 6. Jumla ni safari 12 hadi 14 katika miaka mitano. Kila safari ina nauli ya kwenda na kurudi, mahali pa kulala, chakula, na picha za eksirei za mguu na kifua.

Mgonjwa aliyepona haoni sababu ya kutumia fedha hizo. Mguu haumuumi, mpunga unamngoja, na kamati iliyomchangia imeshafunga daftari lake. Hapa ndipo tunapowapoteza watu ambao tulikwisha kuwaokoa. Katika mfano wa Msamaria Mwema, Luka sura ya 10, tunasifu sana kufunga majeraha na kumpandisha mgonjwa juu ya mnyama. Tusisahau kwamba alimlipa pia mwenye nyumba ya wageni, na akaahidi kupita tena kumalizia gharama.

NJIA YA MGONJWA KUTOKA BONDENI

Kwa sharika za Malinyi, mlango wa kwanza ni zahanati au kituo cha afya, kisha Hospitali ya Kilutheri ya Lugala. Kwa sharika za Ifakara, Mang'ula na Mlimba, hospitali kubwa iliyo karibu ni Hospitali ya Rufaa ya Mtakatifu Fransisko iliyopo Ifakara mjini, inayoendeshwa na ndugu zetu Wakatoliki. Tangu Daraja la Magufuli kwenye Mto Kilombero lilipofunguliwa mwaka 2018, mgonjwa kutoka Malinyi au Mahenge hangoji tena kivuko. Bado masika huharibu barabara za ndani, kwa hiyo ni vyema mgonjwa asafirishwe kabla ya mvua kubwa.

Kutoka hapo rufaa huenda kwa madaktari bingwa wa mifupa. Wengi hupelekwa Taasisi ya Tiba ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1996. Kwa barabara ya Mikumi na Morogoro ni zaidi ya kilomita 400 kutoka Ifakara. Hospitali ya KCMC, iliyo chini ya Shirika la Msamaria Mwema na yenye uhusiano wa karibu na kanisa letu, nayo ina mabingwa wa mifupa na maabara ya patholojia, ila kwa wakazi wa bonde ni mbali zaidi.

Mgonjwa asiondoke bila barua ya rufaa, picha zake zote na majibu ya damu. Mguu wenye uvimbe ufungwe hogo au banzi, naye atumie magongo asiukanyagie, maana mfupa ukivunjika njiani upasuaji huwa mgumu zaidi.

KAZI YA KAMATI

Tunapendekeza kila kamati ya Diakonia ifanye yafuatayo:

1. Itangaze ibadani, angalau mara mbili kwa mwaka, kwamba maumivu ya mfupa au uvimbe karibu na kiungo uliozidi mwezi mmoja, maumivu yanayomwamsha mtu usiku, au mfupa uliovunjika kwa jambo dogo, vinahitaji eksirei.

2. Itenge fedha kidogo ya nauli na picha ya kwanza, inayoweza kutolewa ndani ya wiki moja bila kungoja mkutano mkuu wala mavuno. Kabla ya safari, mjumbe apige simu hospitalini kuuliza kama mashine ya eksirei inafanya kazi.

3. Imkutanishe mgonjwa na ofisa ustawi wa jamii wa hospitali mapema. Asiye na uwezo ana haki ya kuomba msamaha wa gharama, na barua ya mtendaji wa kijiji pamoja na ya mchungaji husaidia.

4. Iulize kuhusu bima. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, lakini kuwa na kadi peke yake hakutoshi. Iulizwe kama bima ya mgonjwa inalipia upasuaji wa mifupa, saruji, na kupima kinyama.

5. Imteue mtu mmoja wa kumsindikiza mgonjwa na kutunza daftari la tarehe za kliniki kwa miaka mitano. Mtu huyo akihama, daftari likabidhiwe kwa mwingine.

6. Imwombe daktari bingwa aseme kama baadhi ya picha za kufuatilia zinaweza kupigwa Ifakara na kutumwa kwake. Akikubali, safari za Dar es Salaam zitapungua.

MASWALI AMBAYO HUULIZWA

Je, ugonjwa huu unaambukiza? Hapana. Mgonjwa anaweza kula, kulala na kufanya kazi na wenzake.

Je, ni saratani? Kwa kawaida siyo, ingawa hula mfupa kwa ukali. Ni mara chache sana hugeuka kuwa saratani.

Je, unatokana na uchawi au laana? Tumeeleza chanzo chake. Mgonjwa anahitaji maombi yetu kama mgonjwa mwingine yeyote, na maombi hayo yaende pamoja na nauli.

Je, tukishaona eksirei tunaweza kusubiri kidogo? Wiki chache za kupanga rufaa ni za kawaida. Msimu mzima wa kilimo haufai.

KWA WAFADHILI WETU

Tunawashukuru wote mnaotusaidia. Ni rahisi kumwelewa mfadhili anayependa kulipia upasuaji, kwa kuwa una siku yake, una picha ya kabla na ya baada, na una mwisho unaoonekana. Tunaomba mtuelewe tunapoandika katika maombi yetu mistari miwili isiyo na picha nzuri: nauli na eksirei kwa watu wengi ambao baadhi yao watakutwa hawana ugonjwa mkubwa, na safari 12 hadi 14 kwa mtu ambaye tayari anatembea. Eksirei iliyokutwa safi si fedha iliyopotea. Imemrudisha mtu shambani akiwa na amani. Na kliniki ya mwaka wa tatu isiyokuta kitu ndiyo matokeo tuliyoyaombea.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba kila msaada wa upasuaji wa mfupa utolewe pamoja na fungu la kufuatilia, liwekwe siku ile ile, na lisitumiwe kwa jambo jingine. Kamati zitoe taarifa ya fungu hilo kila mwaka, hata kama taarifa yenyewe ni mstari mmoja tu: amekwenda, amepigwa picha, mfupa uko salama.



Mratibu wa Miradi